Mkono wa Kushikia Mbao

Fundi Nathanaeli aliingia dukani kwa Mbwana, pale Kizota, mikono yote miwili ikiwa mfukoni, akasalimia kwa kutikisa kichwa. Mbwana, Mrangi wa Kondoa mwenye maneno mengi kuliko bidhaa zake, alidhani mzee anasikia baridi. Ilikuwa ile miezi ya upepo, vumbi linapoingia hata kwenye kopo la chumvi, na mtu mzima kujikunyata halikuwa jambo la kushangaza. Nathanaeli aliushukuru ule upepo kimoyomoyo.

Ukweli ni kwamba mikono yake ilikuwa inatetemeka. Wa kulia ndio ulioanza, gumba likicheza lenyewe hata akiwa amekaa kanisani. Wa kushoto ukafuata kimyakimya, kama mdogo mtu anayemuiga kaka yake. Daktari alimtajia jina la ugonjwa, akampa vidonge, akamwambia kwa upole kwamba vidonge vitaupunguza mwendo lakini havitaurudisha ulikotoka. Nyumbani alimwambia mkewe kwamba ni presha. Angekuwa mfuga mbuzi au muuza vocha, labda angeishi na mikono hiyo bila kumwambia mtu. Lakini yeye alikuwa seremala, na seremala gani wa Dodoma asiyemjua Nathanaeli wa Mkonze, yule ambaye kwenye kona za fremu zake hupitishi hata unywele?

Halafu kulikuwa na kitanda. Mwaka aliozaliwa Lydia, mwanawe wa pekee, mti wa mninga uliokuwa mwisho wa shamba la babake kule Mlali uliangushwa na upepo. Nathanaeli alipasua mbao zake, akazisafirisha mpaka Mkonze, akazilaza juu ya kenchi za banda lake la kazi. Akatangaza kwamba hizo ni za kitanda cha Lydia siku atakapoolewa, na kwamba atakitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Mbao zikakauka huko juu miaka yote, mtoto akikua chini yake. Sasa Lydia alikuwa muuguzi Singida, mchumba anaye, na sherehe ya sendofu yake ilikuwa Jumamosi ile inayokuja. Alikwishawatambia wenzake wote kazini kwamba kitanda chake hakitoki dukani. Na godoro alikwishanunua, la sita kwa sita.

Miguu na mbavu Nathanaeli alizimaliza mapema, kabla mikono haijachachamaa. Kilichobaki ni kichwa cha kitanda, fremu pana yenye kona za kukutana kwa mshazari. Kona kama hizo ukizikosea kidogo zinakuzomea maisha yako yote. Alijaribu kwa msumeno wa mkono kwenye mbao ya paini, mstari ukaenda kama njia ya mbuzi. Ndipo alipoukumbuka msumeno wa umeme wa kukatia pembe, ule unaoteleza mbele na nyuma juu ya vyuma viwili. Msumeno huo hautaki mkono uliotulia. Vyuma ndivyo vinavyoshika mstari, mkono kazi yake ni kuvuta tu, na hata mkono mgonjwa unaweza kuvuta.

"Kwa hiyo leo mzee wangu umeamua kuingia kwenye umeme," Mbwana alisema. "Karibu uchague. Ninayo mitatu."

Wa kwanza ulikuwa mpya na mdogo, unashuka na kupanda tu, hautelezi. Zile mbao za mninga zilikuwa pana, huo ungeishia katikati. Nathanaeli akaupita bila kuuangalia mara mbili. Wa pili ulikuwa mkubwa, unateleza, unang'aa, na una taa nyekundu ya kuchora mstari juu ya mbao. Mbwana akaiwasha ile taa kwa mbwembwe kama anafungua harusi. Nathanaeli akamwomba akishike kichwa cha msumeno akitikise kushoto na kulia. Kikacheza.

"Taa inaonyesha hapa," Nathanaeli akasema, "halafu meno yanapita pengine."

Wa tatu ulikuwa mtumba wa Ulaya, rangi yake ya kijani imechubuka, mzito wa kubebwa na watu wawili. Umeme wake ulikuwa wa kwetu, siyo ile mashine ya nchi nyingine unayoichomeka mara moja ukabaki na moshi. Mbwana akautikisa, haukucheza. Nathanaeli akaelekeza kwa kidevu skwea ya kupimia pembe iliyoning'inia ukutani.

"Miwani nimeisahau nyumbani," akadanganya. "Hebu iweke wewe, uniambie kama mwanga unapita."

Mwanga haukupita. Lakini kilichomfanya moyo umdunde hakikuwa hicho. Juu ya meza ya ule msumeno kulikuwa na kibano, fimbo nene ya chuma iliyosimama wima, yenye mkono wa kukaza kwa skrubu unaoikandamiza mbao mpaka ikatulia. Usiku kucha alikuwa akijiuliza swali moja. Mkono wa kulia utavuta, sawa, na mbao itashikwa na nani? Wa kushoto ndio uliokuwa mkono wa kushikia, na wa kushoto nao haukuwa na adabu tena. Jibu lake lilikuwa limesimama pale mezani.

"Hiki kinakuja nao?" aliuliza, akijitia kama hajali.

"Kimetoka nao huko huko. Ila kikikupotea usinilaumu, vya aina hii hapa mjini havipo."

"Nauchukua."

Laiti angeondoka dakika ile ile. Lakini Mbwana alikuwa na sharti lake, na maduka yote ya pale yanalo: kitu cha umeme kinajaribiwa hapo hapo, mbele ya muuzaji, kwa sababu kikishavuka mlango hakirudi. Akachomeka, akaweka kipande cha mbao, akaanza kukaza kibano. Wakati huo huo akaingia Fabian na mafundi wenzake wawili.

Fabian alijifunza kazi kwa Nathanaeli. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye karakana yake mtaa wa nyuma, na kila aliyemsikiliza alimwambia ni nani aliyemfundisha.

"Shikamoo, fundi!"

"Marahaba, Fabian."

"Mbwana, wewe vipi? Unamfungia nani kibano?" Fabian aliwageukia wenzake, uso umejaa furaha. "Nyie huyu hamumjui. Mwaka wangu wa kwanza kwake nilinunua klempu kwa posho yangu ya chakula. Akaichukua, akairusha juu ya bati. Juu ya bati, jamani! Akaniambia mbao inashikwa kwa kiganja ili ujue inataka kwenda wapi, na anayeibana kwa chuma ni mtu anayeiogopa. Ni uongo, fundi?"

"Si uongo," Nathanaeli alisema.

Na kweli alisema. Alisema miaka mingi, mbele ya kila mwanafunzi, wakati ule mkono wake wa kushoto ulipokuwa ukitua juu ya mbao na mbao inanyamaza. Wale mafundi wawili wakamtazama kwa heshima, mmoja akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Ah, sifa ni tamu, na mtu aliyeanza kupoteza kitu huzitaka zaidi kuliko mwenye nacho. Angeweza kusema neno moja tu, "nakihitaji." Lilimfika kooni. Akalimeza na mate.

"Kitoe," akamwambia Mbwana.

"Basi kama hukitaki niachie mimi," Fabian akadakia. "Ninao msumeno kama huu huu, wangu ulikuja bila kibano. Vijana wangu hawana mkono kama wako."

Mbwana akamtazama Nathanaeli. Moyo wa mzee ulikuwa unapiga kelele kwamba hapana, hapana, hapana.

"Mpe," akasema.

Mbwana akamsogezea mbao ajaribu. Mikono ikagoma kutoka mfukoni. "Kata wewe, Fabian," akasema, "nione kama bado unakumbuka." Fabian akaona amepewa heshima kubwa. Akakata vizuri sana, kona ikatoka safi, watu wakapiga makofi, msumeno ukapakiwa kwenye pikipiki ya toyo kwenda Mkonze. Kibano kikaondoka chini ya kwapa la Fabian, naye akipiga mluzi.

Nyumbani Nathanaeli aliubeba msumeno na dereva wa toyo, akaufunga kwenye meza ya banda, na alipobaki peke yake akakaza mlango kwa waya kwa ndani. Restuta, mkewe, alikuwa jikoni anachambua mlenda. Alianza na paini. Mkono wa kulia ukavuta, na vyuma kweli vikashika mstari, hata akatabasamu peke yake. Lakini wa kushoto ulikuwa juu ya mbao ukitetemeka, na mbao ikitetemeka nao, na meno yalipoingia ikahama. Alipokutanisha vile vipande, katikati kulikuwa na ufa wa kupitisha sarafu.

Akakandamiza kwa kiwiko. Ikahama. Akafunga kwa mpira wa tairi ya baiskeli, akauzungusha mara nyingi chini ya meza, akaongeza na kabari. Safari hii paini ikatulia, kona ikatoka nzuri, na maskini ya Mungu akashangilia kabla ya wakati. Akapanda ngazi, akashusha mninga.

Ule ubao mrefu wa juu ya fremu ulikuwa na ziada ya upana wa kiganja, basi. Kona ikiharibika unakata upya, na kila unapokata upya ile ziada inaliwa. Mninga ni mgumu, si paini. Meno yalipoung'ata, mpira ukanyumbuka, ubao ukaruka, ukampiga kifuani akarudi nyuma hatua mbili. Kona ikawa imeliwa upande mmoja. Akafunga tena kwa nguvu zake zote, akarudia. Ikaharibika tena. Akapima. Ziada iliyobaki ilikuwa upana wa kidole chake. Akikosea mara nyingine, kichwa cha kitanda kitakuwa kifupi kuliko godoro, na mninga mwingine wa babake haukuwepo duniani.

Hapo hapo simu ikalia. Alilazimika kuishika kwa mikono miwili.

"Baba, shikamoo. Kitanda kimefikia wapi? Wenzangu huku wananisumbua wanataka picha."

"Marahaba, mwanangu. Kimefika pazuri."

"Nilijua tu. Mimi nawaambia, nyie hamjaona mikono ya baba yangu. Mungu akutunzie hiyo mikono, baba."

"Amina," Nathanaeli akasema.

Akakata simu, akakaa chini kwenye unga wa mbao, akalia. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Alilia kwa sauti, mtu wa miaka yake, kamasi zikimtoka, akiipiga mikono yake sakafuni kama mtu anayeadhibu watoto watundu. Alilia kwa sababu ya Lydia, na kwa sababu ya mninga, na zaidi kwa sababu ya kibano ambacho alikuwa nacho mbele yake, akakitoa mwenyewe kwa mdomo wake.

Restuta aliusukuma mlango kwa bega mpaka waya ukaachia. Akamwangalia mumewe aliyekaa chini, akaiangalia na meza, na vile vipande vyekundu vya mninga vilivyolala ovyo. Wala hakumwambia anyamaze. Alikwenda mezani, akauegemeza ule ubao mrefu kwenye chuma cha nyuma ya msumeno, akaukandamiza kwa viganja vyake vyote viwili kama alivyomwona mumewe akishika mbao kwa miaka thelathini.

"Vuta," akasema.

"Toka hapo, mama Lydia."

"Mimi nashika, wewe vuta."

"Wewe unajua nini?"

"Najua chai nakumiminia nusu kikombe tangu wakati wa kupalilia. Ulidhani sukari imeadimika? Inuka, uvute."

Nathanaeli aliinuka. Alitamani kumkasirikia, akakosa hasira pa kuitoa. Akashika mpini wa msumeno, akaubonya, mashine ikaanza kulia. Mkono wake ulikuwa unacheza juu ya mpini, na chini yake, mwendo wa shibiri moja kutoka kwenye yale meno, palikuwa na vidole vya Restuta, vyenye sugu za jembe, pete imezama kwenye nyama. Ubao huu ulikwisharuka mara mbili. Mara ya kwanza ulimpiga kifuani. Mara ya tatu ungemvuta huyu mpaka wapi? Restuta hakuwa anatazama msumeno. Alikuwa anamtazama yeye, na hakuonyesha woga, na hicho ndicho kilichomtisha Nathanaeli kuliko kitu chochote alichowahi kukiona katika banda lile.

Akaachia kitufe. Akang'oa waya ukutani.

"Sitakukata vidole kwa ajili ya jeuri yangu," akasema. Ndipo akamwambia yote, ugonjwa na jina lake, duka la Mbwana, kibano, Fabian.

"Kwa hiyo kibano kiko kwa Fabian," Restuta akasema.

"Kiko kwa Fabian."

"Fabian hali watu."

Nathanaeli alikwenda kwa bodaboda, upepo ukimpiga usoni. Njia nzima alikuwa akijitungia uongo wa kwenda nao. Atasema kuna mteja anataka kukiona. Atasema anakiazima achonge cha mfano. Huo wa pili ulikuwa mzuri, hata angeweza kuusema huku anacheka. Alipofika, karakana ilikuwa imejaa, randa ya umeme inanguruma, na mmoja wa mafundi alikuwa kwenye msumeno, mbao yake imetulia tuli chini ya kile kibano. Fabian akamwona, akapunga mkono kwa wote wanyamaze. Randa ikazimwa.

"Jamani, simameni msalimie. Huyu ndiye fundi mwenyewe niliyekuwa nawasimulia. Karibu, fundi, umekuja kutukagua?"

Wote wakamwamkia. Nathanaeli akaitikia. Uongo ulikuwa tayari kwenye ulimi, umepangwa vizuri. Akaufungua mdomo kuutoa, akaviona tena vile vidole karibu na meno ya msumeno. Akatoa mikono mfukoni. Akainyoosha mbele yake, mbele ya wote, akaiacha ifanye inavyotaka. Ilitikisika kama ya mtu anayepepeta.

"Nimekuja kuomba kibano," akasema.

Hakuna aliyecheka. Fabian alibaki na tabasamu lake usoni muda kidogo, hajui alipeleke wapi.

"Lakini fundi, si ulisema..."

"Nilisema. Mkono niliokuwa nausemea, Fabian, sinao tena."

Fabian aliitazama ile mikono iliyomfundisha kushika kila chombo alichokuwa nacho ndani ya karakana ile. Akafuta uso kwa mkono, akaacha vumbi la mbao kwenye kope. "Na pale dukani mimi nikasimama nikapayuka," akasema, "na wewe umeniacha tu." Akachukua spana, akamwondoa fundi aliyekuwa kwenye msumeno, akakifungua kibano mwenyewe. Ilimchukua muda, maana hakuwa anaona vizuri.

"Twende nikakukatie," akasema.

"Hapana. Utanikazia kibano tu. Kukata nitakata mimi."

Jua lilikuwa bado liko juu walipofika Mkonze. Fabian alisimika ile fimbo kwenye tundu lake, akalaza ubao mrefu wa mninga, akaukaza mpaka skrubu ikagoma. Akausukuma kwa nguvu, haukusogea. Kisha akarudi nyuma, akasimama karibu na Restuta mlangoni, wote wawili wamefumbata mikono kama watu walio mbele ya altare. Nathanaeli akashika mpini. Mkono ukatetemeka, kichwa cha msumeno kikatetemeka nao, na alipovuta, vile vyuma viwili vikalichukua lile tetemeko vikalimeza. Meno yakapita. Ile ziada ya upana wa kidole ikaanguka chini kama ganda. Wakaweka ubao mfupi, akavuta tena.

Akachukua vile vipande viwili, ule mrefu ukiegemea meza, akazikutanisha kona zake, akaziinua kuelekea dirishani kama alivyofanya kwa kila fremu tangu ujana wake, aone kama mwanga unapita. Kona zikatikisika. Mwanga ukapita, ukaziba, ukapita. Akazikandamiza zaidi, zikatikisika zaidi. Macho yake yalikuwa mazima, lakini mikono haikuyapa nafasi ya kuona. Fabian, ambaye kutoka mlangoni alikuwa amekwisha kuona kwamba kona ni safi, alifungua mdomo kumwambia. Restuta akamgusa mkono anyamaze.

Nathanaeli akazishusha mbao mezani.

"Restuta," akasema mwishowe, bila kugeuka. "Njoo unishikie, nione."

Akaja. Akazichukua mbao mikononi mwake, akazikutanisha, akazishikilia mbele ya uso wa mumewe. Zikatulia. Nathanaeli akasogeza jicho karibu, akaifuata ile kona kutoka juu mpaka chini, na mwanga haukupita mahali popote.

"Endelea kushika," akasema.